Sura ya Sita: Kirefu Chake ni Nini?

Ukiagiza posho Busia upande wa Uganda, utaletewa ugali. Vuka urudi Kenya ukaulize posho iko wapi, utaelekezwa kwenye mashine ya kusaga mahindi. Nenda mpaka Dodoma ukamwulize mtumishi wa serikali kama amepata posho, naye atatoa simu aangalie kama pesa za semina zimeingia. Neno ni lile lile, na kati yao hakuna aliyekosea. Kila mtu amelitumia kama linavyotumika kwao. Matata huanza pale mtu anapodhani kwao ni kila mahali.

Katika ukanda huu wa Busia na Malaba unaotazamana na Uganda, hakuna anayehitaji kufundishwa hilo. Mtoto anakua akijua kuwa kuna shilingi mbili, na akisikia "elfu tano" anaangalia kwanza amesimama upande gani kabla hajashtuka. Hapa ndipo inaposimuliwa kuwa neno bodaboda lilizaliwa, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwapeleka abiria kutoka kituo cha boda moja hadi cha boda ya pili. Leo linatumika hata katika miji ambayo haijawahi kupakana na nchi yoyote.

Sayansi nayo ina mipaka, ila haina geti wala afisa wa uhamiaji. Unaweza kutoka kwenye elimu ya malaria ukaingia kwenye elimu ya kifua kikuu bila kugongewa muhuri, ukadhani bado uko ulikotoka, kwa sababu vifupisho ulivyoviacha nyuma unavikuta vimekutangulia mbele. Herufi ni zile zile, maana ni nyingine kabisa. Sura hii inavifuata baadhi ya vifupisho vinavyopita hapa mpakani, na inaanza na kile ambacho kukikosea kunaweza kuishia mwilini mwa mtu: IPT.

Vyumba vitatu

Ingia hospitali yoyote kubwa ya ukanda huu, uanzie kliniki ya wajawazito. Mama wa miezi minne au mitano amekaa kwenye benchi. Sista anampa vidonge vitatu na kikombe cha maji, anamtazama mpaka amemeza vyote, kisha anaandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Vidonge ni SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, dawa ambayo watu wazima wanaikumbuka kwa jina la Fansidar. Huduma yenyewe inaitwa IPT, na herufi ya kwanza inasimamia neno la Kiingereza lenye maana ya "kwa vipindi". Mama hapimwi kwanza kama ana malaria. Anapewa dozi nzima kama mgonjwa, kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, dozi moja na nyingine zikipishana kwa mwezi au zaidi, na anatakiwa apate angalau tatu kabla ya kujifungua. Sababu ni kwamba vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, ambako tone la damu ya kidole huenda lisivione, na huko humpunguzia mtoto lishe akazaliwa mwepesi mno. Kenya iliingiza mpango huu mwaka 1998, na unatolewa maeneo ambako malaria haikauki: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Busia imo.

Toka hapo, tembea hatua chache hadi kliniki ya wanaoishi na VVU, ambayo wenyeji wanaijua kwa kifupisho kingine, CCC. IPT iko pia. Hapa herufi ya kwanza ni ya isoniazidi, dawa ya kifua kikuu. Anayeimeza haumwi kifua kikuu. Anakingwa nacho, kwa kuwa bakteria wake wanaweza kulala mwilini miaka mingi wakisubiri kinga ishuke. Kidonge humezwa kila siku kwa miezi sita, na huambatana na vitamini B6 ili mishipa ya fahamu isidhurike.

Mlango wa tatu ni wa afya ya akili, na si kila hospitali inao. Wataalamu wa huko wana IPT yao, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Wao waliona kuwa sonona mara nyingi humwingia mtu kupitia mahusiano yake na watu: msiba, ugomvi usiokwisha, maisha kugeuka ghafla, upweke. Tiba yake ni mazungumzo yenye mpangilio, wiki baada ya wiki. Afrika Mashariki iliijua IPT hii kupitia utafiti wa Masaka na Rakai nchini Uganda, uliochapishwa 2003 na Paul Bolton na wenzake. Kabla ya kumtibu mtu yeyote, watafiti hao waliwauliza wanavijiji hali hiyo wanaiitaje wenyewe. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujionea huruma. Vikundi vikakutana kwa wiki 16, na waliohudhuria wakapata nafuu kubwa kuliko watu wa vijiji vya kulinganishia.

Kwa hiyo IPT ya kwanza humezwa kwa vipindi, mbele ya sista. Ya pili humezwa nyumbani kila siku. Ya tatu haimezwi, huzungumzwa.

Sasa mfikirie mama mmoja. Ni mjamzito, anaishi na VVU, na kila siku anameza Septrin ya kumkinga na maambukizi mengine. Septrin ina salfa, na SP pia ina salfa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema anayetumia Septrin asipewe SP, kwa kuwa madhara yanaweza kuongezeka, na Septrin yenyewe inamsaidia kwa kiasi dhidi ya malaria. Basi kwa kliniki ya wajawazito, mama huyu asipewe IPT. Lakini kwa kuwa anaishi na VVU mahali penye kifua kikuu, daktari wa CCC anaweza kuamua kwamba apewe IPT. Sentensi mbili, "asipewe IPT" na "apewe IPT", zote ni kweli, kwa mtu mmoja, siku moja, chini ya paa moja. Ubaya ni pale karatasi ya chumba kimoja inaposomwa kwenye chumba cha pili.

Na jioni akifika nyumbani, mama mkwe atamwuliza:

"Wamekupa nini leo?"

"IPT."

"Ya nini?"

"Ya kukinga, mama."

"Kukinga nini?"

Hapo mazungumzo hukwama. Mama alipewa herufi, hakupewa neno.

Busia mbili, DP nne

Mtafiti akikosea kifupisho haumwi tumbo, lakini anapoteza siku. Andika IPT na Busia kwenye hifadhi ya makala za tiba uone. Kwanza, hata jina la Busia lenyewe liko mara mbili, Kenya na Uganda, na kinachoitenganisha miji hiyo ni geti. Moja ya makala zinazojulikana zaidi ni ya Busia ya pili. Ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019, na inahusu wajawazito 782 wasio na VVU waliofuatiliwa wilaya ya Busia, Uganda. Nusu walipewa SP kila mwezi, nusu walipewa DP, yaani dihaidroatemisinini na piperakwini.

Matokeo yake yaliwaumiza watafiti kichwa. Vimelea vya eneo hili vimeizoea SP kwa kiwango kikubwa, na kweli akina mama wa DP waliugua malaria mara chache sana kuliko wa SP. Hata hivyo watoto wao hawakuzaliwa katika hali bora kuliko wale wa SP. Maelezo yanayotolewa ni kwamba SP huenda inapigana na maambukizi mengine yasiyo ya malaria, na hivyo inamsaidia mtoto kwa njia ya pembeni. Ndiyo maana SP bado iko kwenye kikombe cha sista.

Msomaji wa magazeti akikutana na kichwa kama "DP dhidi ya SP" atafikiria mengine. Kenya DP ni Naibu wa Rais. Uganda DP ni chama cha siasa kilichoanzishwa 1954. Kwa kijana mwenye simu, upande wowote wa mpaka, DP ni picha yake ya utambulisho, na hukasirika usipoisifu. SP naye ni ofisa wa polisi mwenye cheo cha mrakibu. Kumbe habari ni ya vidonge.

Vifupisho hivi havikomei hospitalini. Mkulima wa Butula akisema CAN, anazungumzia mbolea ya kalsiamu amoniamu naitreti, ile anayotia mahindi yakifika magotini. Fundi wa umeme wa magari anayelala chini ya trela kwenye foleni ya Malaba akisema CAN, anazungumzia mtandao wa nyaya unaounganisha injini, breki na vipimo, uliotangazwa na kampuni ya Bosch mwaka 1986. Wakala wa forodha akisema SCT, ni Eneo Moja la Forodha la Afrika Mashariki, utaratibu ulioanza kutumika 2014 ambao mzigo hulipiwa ushuru mara moja kabla haujaondoka bandarini. Daktari wa damu akisema SCT, ni hali ya mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu.

SCT hii ya pili ina historia ndefu katika eneo letu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona kuwa hali hiyo imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba mtu mwenye urithi huo wa upande mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ramani ya SCT ya daktari inafuata ramani ya mbu. Ya wakala wa forodha inafuata barabara ya Mombasa hadi Kampala. Zinakutana hapa mpakani, na hazijuani.

Hesabu ya herufi

Kwa nini vifupisho vinagongana hivi? Jibu la kwanza ni hesabu ya darasa la sita. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26. Vifupisho vya herufi tatu vinavyowezekana ni 26 mara 26 mara 26, yaani 17,576. Vinaonekana vingi mpaka ukumbuke kuwa kila fani, kila mradi, kila kipimo na kila protini inataka chake.

Mwaka 2020 watafiti wawili wa Australia, Adrian Barnett na Zoe Doubleday, walichapisha hesabu yao baada ya kupekua vichwa vya makala zaidi ya milioni 24 na mihtasari zaidi ya milioni 18, ya kuanzia 1950 hadi 2019. Walipata vifupisho tofauti zaidi ya milioni moja. Katika vile 17,576 vya herufi tatu, asilimia 94 vilikuwa vimeshatumika angalau mara moja. Maana yake, anayebuni kifupisho cha herufi tatu leo karibu hakika anahamia nyumba yenye mtu. Waligundua pia kuwa asilimia 79 ya vifupisho vyote havikufikisha hata mara kumi kutumika. Vingi vilibuniwa kwa makala chache, vikafa nazo, na mzigo wa kuvikariri ukabaki kwa msomaji.

Jibu la pili ni kwamba fani hazitembeleani. Daktari wa meno hakumwomba ruhusa daktari wa VVU, wala hakuhitaji. Chukua ART. Katika CCC ni dawa za kupunguza makali ya VVU. Bungeni Nairobi, mswada wa ART ulihusu teknolojia ya kusaidia uzazi. Kwa madaktari wa meno, ART ni namna ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine ya kutoboa, na namna hiyo ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Herufi hizo zilikuwa na kazi kinywani mwa Mtanzania kabla dawa za VVU hazijafika vijijini kwetu.

Kifupisho huweza hata kubaki na herufi zake kikabadilisha kirefu. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa ya Eldoret na vyuo vya Marekani, ulianza 2001 kwa jina lililotaja kuzuia na kutibu UKIMWI. Kazi ilipopanuka hadi kisukari, shinikizo la damu na uzazi, jina liliandikwa upya likawa la kufikisha huduma za afya kwa watu. Herufi hazikuguswa. Aliyejifunza kirefu cha zamani, na ambaye hakuambiwa, bado anadhani ni mradi wa ugonjwa mmoja.

Pale ambapo kirefu hakitoshi

Mpaka hapa mtu angesema dawa ni rahisi: andika kirefu, basi. Busia yenyewe inatuonyesha kuwa kuna kesi ambayo dawa hiyo haiiponyi.

RCT kwa daktari wa meno ni kutibu mzizi wa jino. Kwa mwanasayansi wa siasa ni nadharia kwamba watu huchagua kwa kupima faida na hasara. Kwa watafiti wa dawa ni jaribio ambalo watu hugawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa dawa na jingine la kulinganishia. Miaka ya 1990 wanauchumi waliichukua RCT hiyo ya tatu kutoka kwa madaktari, na moja ya mahali pa kwanza walipoifanyia kazi ni shule za msingi za Busia. Michael Kremer, aliyewahi kufundisha shule magharibi mwa Kenya akiwa kijana, alishirikiana na shirika la Kidholanzi lililokuwa likisaidia shule za hapa. Wakajaribu vitabu vya kiada, wakajaribu chati za kufundishia. Mwaka 1998 yeye na Edward Miguel wakaanza kufuatilia dawa za minyoo katika shule 75. Shirika halikuweza kuzifikia zote mara moja, hivyo ziligawanywa makundi matatu ya shule 25, kila kundi likiingia kwa zamu. Makala yao ya 2004 ilisema utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo wanaochezea. Mwaka 2019 Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za namna hii.

Katikati ya miaka hiyo, 2015, wataalamu wa magonjwa wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walizichambua upya takwimu zile za Busia, na mabishano makali yakazuka. Sehemu yake ilikuwa makosa ya hesabu yaliyopatikana na kurekebishwa. Lakini sehemu nyingine ilikuwa juu ya herufi moja, R, ile ya bahati nasibu. Shule zilipangwa kwa mpangilio wa alfabeti ndani ya kila eneo, kisha kila ya tatu ikawekwa kundi moja. Kwa mwanauchumi hilo lilitosha: herufi ya mwanzo ya jina la shule haina uhusiano na minyoo. Kwa mtaalamu wa magonjwa, bahati nasibu ni bahati nasibu, na alfabeti si kete. Tena yeye alizoea jaribio ambalo anayepewa dawa na anayempa hawajui ni dawa gani, na mpango wa uchambuzi umeandikwa kabla. Wote wawili walikuwa na RCT. Wote wangekuandikia kirefu kile kile, neno kwa neno. Walichotofautiana ni masharti ambayo kila fani inayaweka ndani ya neno hilo bila kuyataja.

Kwa hiyo kuna migongano ya aina mbili. Ya IPT ni ya majina: vitu vitatu, herufi zile zile, na kirefu kinaitibu. Ya RCT ni ya mila: kitu kimoja kimehama fani, kikaacha nyuma baadhi ya taratibu zake. Huko ni lazima uulize zaidi: mligawanyaje? Nani alijua? Mliandika lini?

Namna wanavyojinasua

Wanasayansi hawajakaa tu. Baada ya dawa mpya za kukinga kifua kikuu kufika, zikiwemo zinazomezwa mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, isoniazidi peke yake haikustahili tena kubeba jina la kazi yote. Shirika la Afya Duniani likahamia TPT, ambayo inataja ugonjwa na haitaji dawa. Upande wa malaria, mwaka 2022 shirika hilo hilo liliipa jina jipya kinga ya watoto wachanga iliyokuwa tawi la IPT, na likaacha IPT ya wajawazito ilivyo. Kwa hiyo herufi hizo zinaanza kubaki na wapangaji wachache. Daftari za zamani, hata hivyo, hazibadilishi lugha, na anayefuatilia historia ya mgonjwa bado atakutana na IPT za kila aina.

Marekani walichukua hatua kali zaidi. Mwaka 2004 Joint Commission, chombo kinachokagua ubora wa hospitali huko, kilitoa orodha ya vifupisho ambavyo haviruhusiwi kabisa kwenye maagizo ya dawa. Mojawapo ni MS. Inaweza kusomwa mofini, dawa ya maumivu makali, au magnesiamu salfeti, dawa anayopewa mama mwenye kifafa cha mimba. Hakuna aliyesubiri wasomi wakubaliane. Agizo lilikuwa andika jina lote.

Sisi tuna njia ya tatu, na sijaona ikitajwa. Kiswahili kinapounda kifupisho chake, mara nyingi hakiokoti herufi za mwanzo tu, huokota silabi. UKIMWI ni upungufu wa kinga mwilini, na silabi zake zinatosha kumkumbusha msikilizaji kinga na mwili. TAKUKURU ya Tanzania ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. BAKITA na BAKIZA, mabaraza mawili ya Kiswahili, la Tanzania na la Zanzibar, ni jirani wa damu, lakini silabi moja ya mwisho inawatenga na hakuna barua inayopotea. KAKAMA ni Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Piga hesabu ya haraka. Konsonanti kama 20 kwa vokali 5 ni silabi 100. Silabi tatu ni 100 mara 100 mara 100, yaani milioni moja. Linganisha na 17,576. Kifupisho cha silabi kina nafasi mara hamsini na zaidi ya kile cha herufi tatu, na juu ya hapo kinatamkika, kinaimbika, mtoto anakishika. Kiswahili kilipata mbinu hii kwa sababu mdomo wetu haupendi konsonanti zilizorundikana, na faida ya kuepuka mgongano ikaja yenyewe.

Simaanishi kila dawa ibatizwe upya. SP itabaki SP. Lakini kwa huduma anayopewa mtu, maneno yapo na ni mepesi: kinga ya malaria kwa mjamzito, kinga ya kifua kikuu, tiba ya mazungumzo. Hakuna hata moja inayoweza kuchanganywa na mwenzake, na mama mkwe angeelewa jibu tangu swali la kwanza.

Kwa anayeandika utafiti juu ya eneo hili: taja kirefu mara ya kwanza, na kama fani nyingine inatumia herufi hizo hizo kwa watu hao hao, kitaje tena kila sura. Taja pia ni Busia ipi. Kwa muuguzi: pembeni mwa IPT andika jina la dawa, kwa sababu kijitabu kitasomwa na mtu ambaye hukumtarajia.

Na kwako wewe uliyekaa kwenye benchi, usione haya. Kabla hujapokea kikombe cha maji, uliza mambo matatu: hii ni ya ugonjwa gani, inaitwaje, na nitaimeza mara ngapi? Kama unameza Septrin, sema hapo hapo. Kisha rudi nyumbani na jibu.